Siku Niliyotafsiri Sinema ya Konokono

Ukikaa na watu wa Bariadi wa rika langu na mazungumzo yakafika kwenye sinema za zamani, haichukui muda mtu atataja ile ya konokono. Wataimwagia sifa. Watasema hawajaona tena sinema kama ile, kwamba ilifundisha, kwamba ilimliza hata fulani ambaye hakumlilia mama yake mzazi. Mimi huwa nanywa chai yangu na kutazama pembeni. Sinema ile ilikuwa upuuzi, na nina haki ya kusema hivyo kuliko wote, kwa sababu mimi ndiye niliyeitafsiri. Hawakuelewa neno hata moja isipokuwa yale yaliyotoka mdomoni mwangu, na baadhi ya yaliyotoka siku ile yalikuwa yangu mwenyewe, hayakuwa ya Wajapani.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia na malori yao na mizani yao, na chama chetu cha msingi cha ushirika kikabaki na ofisi yenye kufuli na ghala lenye popo. Mjomba wangu, mdogo wake marehemu mama, alilikodi lile ghala akaligeuza banda la video. Aliweka televisheni moja juu ya meza ya karani, deki chini yake, jenereta nje kwenye kibanda cha mabati, na mabenchi ya mbao mbichi yaliyokuwa yakinata kwenye nguo. Kuta zilinuka mbegu za pamba na dawa ya wadudu. Mjomba alikuwa mtu wa kuamini kila kilichokuwa kipya. Neno lenyewe "biashara" alilitamka kama padri anavyotamka "neema".

Kaseti alizifuata Mwanza, akazileta kwenye gunia, nyingi zikiwa za kareti. Katikati ya gunia hilo ilikuwamo moja yenye picha ya katuni: mtoto wa kike ameshika mwavuli, na nyuma yake kitu kikubwa cha mviringo. Maandishi ya jalada lake yalikuwa ya Kijapani. Mjomba alifikiri kwa namna yake: kareti ni ya Wajapani, kaseti ni ya Wajapani, basi ni kareti. Jumamosi akaionyesha.

Mtafsiri wake wa siku zote alikuwa fundi baiskeli mmoja aliyekuwa hajui Kichina wala Kiingereza, na watu walimpenda kwa sababu hiyo hasa. Akiona mtu anapigwa teke, anasema, "Huyu alidhulumu ng'ombe wa watu, leo atamtapika!" na ghala zima linacheka. Lakini siku hiyo hakukuwa na teke. Palikuwa na nyumba, mvua, watoto wawili wasiosema, na konokono mkubwa kama kanisa anayetembea polepole shambani. Fundi alijitahidi. Alisema konokono ni jambazi sugu amejificha. Dakika ishirini zikapita na jambazi hajaiba chochote. Watu wakapiga miluzi, wakagonga mabati, jenereta likazimwa.

Jumatatu mjomba alinifuata shuleni. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti wa miaka ishirini na minne, nafundisha Kiingereza kwa watoto ambao nyumbani husema Kisukuma na Kiswahili chenyewe wanakisikia darasani.

"Mwadila, mwalimu," alinisalimu kwa Kisukuma, akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi na kofia mkononi.

"Mwadila, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Mpwa wangu, chini ya zile picha kuna maandishi ya Kiingereza. Nimeyaona mwenyewe. Wewe si ndiyo kazi yako?"

"Kazi yangu ni kufundisha watoto, siyo kusimulia katuni."

"Ni ya msiba, nadhani," alisema. "Kuna kaburi. Watu wakijua ni ya msiba, kina mama watakuja. Kina mama hawajawahi kuja kwangu."

Nilikubali kwa sababu alikuwa mjomba, na kwa sababu, niseme ukweli, nilipenda kuonekana ninajua kitu ambacho wengine hawakijui. Ijumaa baada ya masomo nikakaa kwenye benchi peke yangu nikaiangalia yote.

Nieleze ilivyokuwa. Mwanamume mmoja mfua kengele amefiwa na mke wake kwa mafuriko. Amebaki na mabinti wawili, na yule mdogo ameacha kusema. Baba anafanya kazi mchana kutwa, anagonga vyuma, hawatazami watoto. Siku moja mvua inaanza, na pamoja nayo anakuja konokono huyo, na ndani ya gamba lake kuna ukumbi wenye meza ndefu ambapo wafu wamekaa wanakula wali. Mvua ikiendelea kunyesha, walio hai wanaweza kuingia kuwatembelea. Watoto wanaingia, wanamkuta mama yao, wanakula naye siku tatu. Mwishoni baba naye anaingia, anapiga magoti, anasema aliyonayo moyoni, mke anamsamehe, mvua inakatika, konokono anaondoka, mtoto anasema. Kwisha.

Niliona hasira badala ya huzuni. Kwanza, huo msiba haukuwa na watu. Mke amekufa, na hakuna shangazi hata mmoja aliyekuja kuuliza sukari iko wapi. Hakuna aliyelala sebuleni kwa wiki mbili. Hakuna ndugu wa mume aliyeanza kutaja ng'ombe kabla udongo haujakauka. Watoto wanalia machozi makubwa kama mayai ya njiwa lakini makamasi hawana. Mama mwenyewe, aliyekufa maji, nywele zimechanwa vizuri, anatabasamu, hana swali lolote. Mtu aliyetoka kufa ana maswali. Mama yangu alipokuwa katika homa yake ile ya siku nne, aliuliza kuku wamefungiwa, akauliza michembe ya viazi imeanuliwa, akamwuliza baba kwa nini hajaenda kazini. Halafu akafa, wakati wa palizi, na majani yakayashinda mahindi yetu mwaka ule.

Na lile la baba kupiga magoti ndilo lililonichefua kabisa. Baba yangu mimi alikuwa karani wa mizani. Alipimia chama miaka mingi, na chama kilipokwisha akapimia mnunuzi binafsi, mizani ikiwa ileile, kofia ikiwa ileile. Tulimzika mama Jumatatu, Alhamisi baba alikuwa kwa mnunuzi akisafisha mizani ya msimu ujao. Jiko la nje alilopikia mama akalibomoa kwa mikono yake, akajenga jingine upande wa pili wa nyumba, bila kumwambia mtu sababu. Mwezi wa tano tangu msiba akaleta mke kutoka Maswa, mwanamke aliyenizidi miaka miwili tu. Nami nikahamia chumba cha kupanga karibu na shule. Tukikutana njiani nilimwamkia, "Shikamoo, baba," naye akaitikia, tukapishana kama watu wa mitaa tofauti. Hapakuwa na konokono wa kutukalisha mezani.

Jumamosi saa tisa alasiri ghala lilijaa. Mjomba alikuwa amepita mitaani na kipaza sauti juu ya baiskeli akitangaza sinema ya msiba na familia, yenye mwalimu wa kuitafsiri. Kina mama walikuja kweli, wamejifunga kanga mbili mbili kama wanaokwenda kilioni. Nilikaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti kwenye mapaja. Nilipogeuka kutazama umati nikamwona baba, benchi la nyuma, na mke wake kando yake. Baba hakuwahi kuingia pale tangu lilipoacha kuwa ghala la chama. Baadaye nilikuja kujua kwamba mke ndiye aliyetaka kuona.

Nilianza vizuri. Nilisoma maandishi, nikayatoa kwa Kiswahili chepesi, na penye kukwama nikaongeza Kisukuma kidogo. Konokono alipotokea watu walicheka, halafu wakaacha kucheka. Watoto walipomkuta mama yao mezani, kina mama wa mbele walianza kujifuta kwa ncha za kanga. Nikawatazama kwa dharau. Mmoja wao aliyekuwa akilia kwa kwikwi nilimkumbuka: kwenye matanga ya mama alikaa nyuma ya nyumba siku nzima akisimulia bei ya mitumba, na ugali ulipoivuta pua yake akawa wa kwanza kunawa. Leo anamlilia mwanamke wa kuchorwa.

Kisha ikafika ile sehemu. Mfua kengele akaingia ukumbini, akapiga magoti mbele ya mke wake. Maandishi yakasema: Niliogopa nyumba ilivyokuwa kimya. Niligonga chuma ili nisisikie kwamba haupo.

Niliyasoma. Niliyaelewa. Nikafungua mdomo, na hiki ndicho kilichotoka:

"Anasema: Mke wangu, ulipokufa nilivumilia miezi mitano, nikaona inatosha. Njaa ilinizidi. Na mwanamke wa Maswa nasikia anajua kupika."

Kicheko kilichopigwa kilitikisa mabati. Wale wa mbele walicheka kwa sababu ni kichekesho. Halafu wa katikati wakaelewa, wakageuka nyuma kutazama, na kicheko kikafa benchi kwa benchi mpaka nikabaki nasikia jenereta tu. Kwenye televisheni mke alimshika mume kichwa. Maandishi yakasema: Najua. Njoo ule.

"Mke anamjibu," nikasema, "usiniguse."

Baba alisimama. Hakutazama kwangu. Alivaa kofia yake, akasubiri mke wake apate njia kati ya magoti ya watu, akamtanguliza, wakatoka. Mlango wa ghala ni mkubwa, wa kupitisha lori, na jua la alasiri liliingia lote kwa pamoja mpaka picha ikapotea kwenye kioo.

Mjomba alikuja kuninyang'anya kipaza sauti, lakini watu wakapiga kelele wakitaka kujua konokono ameenda wapi. Hayo ndiyo yaliyowashughulisha. Mtu amevuliwa nguo mbele yao, na wao wanamwulizia konokono. Basi nikamalizia, safari hii kwa maneno yaliyoandikwa, neno kwa neno, kwa sauti isiyo na chochote ndani yake. Mtoto aliposema mwishoni, walilia ghala zima.

Walipokwisha kutoka, mjomba alifunga deki kwa kitambaa chake bila kunitazama.

"Umemdhalilisha baba yako," alisema.

"Nimesema uongo gani?"

"Sikusema umesema uongo. Nimesema umemdhalilisha. Yule mama yako alikuwa dada yangu, na mimi ndiye mwenye haki ya kukasirika kuliko wewe, na sikukasirika. Unajua kwa nini? Hukuuliza."

"Kwa nini?"

"Sasa ndiyo unauliza," alisema, akabeba televisheni akaondoka.

Siku mbili nilitembea kifua mbele. Walimu wenzangu walinicheka kwa mapenzi, na mmoja alisema nimewasemea mabinti wote wenye baba wa namna ile. Siku ya tatu nikasikia watoto wa darasa la nne wakiimba njiani, "Mwanamke wa Maswa anajua kupika," wakirusha mawe kwenye ua fulani. Ua ule ulikuwa wa baba.

Alhamisi mwanamke huyo wa Maswa alikuja shuleni. Alikuwa na ujauzito ambao ghalani sikuuona. Alisimama kivulini mwa ukuta wa darasa, akaningoja nimalize kipindi. Sikumpa nafasi ya kukaa.

"Mwangaluka," alinisalimu.

"Mwangaluka."

"Nimekuja kukuambia mambo mawili, halafu nitaondoka. La kwanza, kupika sijui. Nimelelewa na kaka zangu, nimechunga ng'ombe mpaka nimeolewa. Baba yako anakula ugali mbichi tangu nimefika na hajasema neno. Kwa hiyo ulilosema kwenye kipaza sauti si kweli."

Akafuta jasho shingoni.

"La pili. Baba yako ananiita kwa jina la mama yako. Kila siku. Ananiita, naitika, halafu anakumbuka, anaomba radhi. Nimemwambia asiombe radhi, nitaitika hilohilo. Sasa wewe ambaye ulidhani amesahau, nenda ukawaambie watu hilo pia." Alijifunga kanga vizuri. "Nilisikia wewe ni msomi. Nilitamani sana kukuona. Lakini huna adabu."

Akaenda zake, polepole, mkono mmoja kiunoni. Katika maisha yangu nimedharau watu wengi, na wachache wamewahi kunirudishia kwa kipimo kinachonistahili. Yule alikuwa wa kwanza.

Jumamosi iliyofuata mjomba alionyesha konokono tena, akamrudisha fundi baiskeli, ambaye alikuwa amekariri maneno yangu yote na kuyatia chumvi. Mimi nilikwenda Sola, ambako baba alikuwa akipima kwenye kituo cha mnunuzi. Nilimkuta chini ya turubai, wakulima wamejipanga na marobota yao ya pamba, naye anasogeza jiwe la mizani kwa kidole kama mtu anayegusa jicho la mtoto. Nilingoja mpaka foleni ikakatika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu." Hilo la "mayu", la kuniita mama kwa Kisukuma, alikuwa ameliacha tangu nilipohama.

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuomba radhi, mengi, mazuri. Yote yakanitoka kichwani. Nikasimama nikichezea uzi wa gunia.

"Yule baba wa kwenye sinema," alisema, bila kuacha kuandika kwenye kitabu chake, "alisema nini hasa?"

"Lini?"

"Alipopiga magoti. Nilimwona midomo inacheza muda mrefu. Wewe ulisema maneno machache."

Nikamwambia. Nilimwambia kwa Kisukuma, kwa sababu kwa Kiswahili sikuweza. Kwamba aliogopa nyumba ilivyokuwa kimya. Kwamba aligonga chuma ili asisikie kwamba mke hayupo. Baba alifunika kalamu.

"Na mke akajibu nini?"

"Akasema, najua. Njoo ule."

Mkulima mmoja akaja na robota, baba akalipima, akaandika, akamwambia lina unyevu, alianike. Mkulima alipoondoka akasema, "Huyo Mjapani amesema vizuri kuliko mimi."

"Ni katuni, baba. Ni watu wa kuchorwa."

"Najua ni katuni. Nina macho." Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Lile jiko la nje nililibomoa kwa sababu kila nikitoka asubuhi nilikuwa naona moshi. Moto haupo, lakini moshi nauona. Ningemwambia nani? Wewe? Ulikuwa na miaka ishirini na tatu na unalia."

"Ungeniambia."

"Na wewe ungeniuliza," alisema. Nilikumbuka mjomba alivyobeba televisheni. "Jumapili njoo ule kwangu. Ukifika, msalimie mama yako mdogo kwanza, kabla yangu. Mbele ya majirani, nje, wakiona."

Hakusema amenisamehe, wala sikulia, wala hapakuwa na muziki. Foleni ilikuwa imeanza tena, nikasogea pembeni kuwapisha watu.

Najua wapo watakaosema kwamba basi sinema ilifanya kazi yake. Mjomba alisema hivyo mpaka alipolifunga banda. Sikubali. Sinema ile haikutufanyia lolote ila kunipa kipaza sauti na nafasi ya kuwa mshenzi mbele ya umati. Kilichofanya kazi ni mwanamke mjamzito aliyetembea juani kuja kuniambia sina adabu, na katika ile katuni mtu wa namna hiyo hayumo. Waliomchora konokono hawakumjua. Wao walidhani mfiwa akishapiga magoti mara moja na kusema sentensi mbili nzuri, mvua inakatika. Wamwulize baba, aliyezikamilisha sentensi zake mbili chini ya turubai huku akipima pamba yenye unyevu, na kesho yake akaamka akaona moshi uleule.

Jumapili nilikwenda baada ya ibada. Majirani walikuwa nje, kama baba alivyotaka. Wengine nadhani walikuwa wamejulishwa. Mke wa baba alikuwa anapepeta mchele. Nilipiga goti mbele yake, kama tunavyowapigia wakubwa, ingawa kwa umri tulikuwa karibu sawa.

"Mwadila, mama," nilisema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Aliniacha pale chini muda kidogo kuliko ilivyohitajika. "Mwadila," alisema mwishowe. "Inuka unisaidie kuchambua mawe."

Wali ulikuwa na mawe hata hivyo, na chini umeungua, na juu haujaiva. Sikuwahi kula chakula kibaya kama kile. Baba alikula sahani nzima akaomba nyingine. Mke wake akanitazama usoni, akingoja aone nitasema nini, na nilikuwa na maneno, nilikuwa nayo mengi. Nikasogeza sahani yangu, nikamwomba aniongeze na mimi.